Siku Niliyomwita Muuza Mafuta Mwizi

Uvumilivu uliniishia kwenye kituo cha mafuta cha Garsen, mchana kweupe, mtoto kiunoni, nikamwita Bwana Maro wa pampu mwizi mbele ya madereva wa bodaboda na mama wa samosa, na mpaka leo nikipita pale navuta leso usoni.

Gari letu ni haibridi, lile linalotumia petroli na betri, tulilonunua kwa sababu mwanangu Jillo alizaliwa na mguu uliopinda na kila wiki lazima afike hospitali Hola kubadilishiwa plasta. Muuzaji aliapa kwamba halinywi mafuta. Kwangu mimi lilikunywa kama ngamia aliyefika kisimani. Mume wangu akasema likiendelea hivyo analiuza, nami nikawaza, mguu wa Jillo utanyooshwa na nani? Basi nikaamua mwizi ni pampu.

Bwana Maro hakupandisha sauti. Akafuta mikono, akasema, "Mama Jillo, mama mkwe wako hujaza hapa hapa, pampu hii hii, gari hilo hilo. Mbona yeye simwibii?"

Watu wakacheka. Badala ya kunyamaza (mdomo wangu huu) nikatangaza kwamba mama mkwe aendeshe mpaka Hola na kurudi, na geji ya mafuta ikishuka kama inavyoshuka kwangu, Bwana Maro anirudishie mafuta yangu; isiposhuka, nitamwomba radhi pale pale. Mama mkwe, aliyekuwa kiti cha nyuma akimenya chungwa, akashuka na kuninyooshea mkono nimpe funguo.

Jamani, yule mama anajua kuendesha. Mimi hukanyaga mafuta mpaka nione pembe za ng'ombe wanaovuka, nafunga breki, napiga honi, kisha nakanyaga tena kama nafukuzwa, na gari likishika kasi natia free, yaani natoa gia (kaka yangu alinifundisha kwenye pikapu lake) nikidhani nabana mafuta. Yeye akiona vumbi tu kule mbele anainua mguu, gari linapunguza mwendo lenyewe, na kwenye kioo kidogo cha dashibodi mishale inayoonyesha umeme unakokwenda inageukia betri, yaani tunachaji kwa sababu ya ng'ombe wa watu. Ukitia free, akanieleza, mishale inakufa, betri haipati kitu, na baadaye injini ndiyo inabeba mzigo wote. Mchungaji akampungia mkono. Mimi sijawahi kupungiwa.

"Ng'ombe umewaona tangu wakiwa vumbi," akasema, macho barabarani. "Unawakimbilia ya nini, kisha unawakasirikia?"

Tukafika Hola. Jillo akapata plasta mpya, tukarudi Garsen, geji imeshuka kidogo tu, na wale wa bodaboda wanatusubiri (hawana kazi). Nikaomba radhi kwa sauti. Bwana Maro akasema yameisha, ila mama wa samosa akaniomba nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia.

Gari haliuzwi, na nimeapa sitamwita mtu mwizi kabla sijatazama mguu wangu mwenyewe. Lakini hasira ilikuwa bado inatafuta pa kutua, kwa hiyo nikapeleka malalamiko rasmi kwenye yadi ya magari iliyotuuzia, wakagonga mhuri. Niliandika:

"Gari lenu halina kasoro na silirudishi. Nalalamika kwamba mlinipa funguo na soda mkaniaga, hakuna hata mmoja aliyekaa nami kunionyesha ile mishale. Kwa hilo nimemvunjia heshima mtu mwema. Kama hamna mwalimu, mama mkwe wangu yupo, ila mumwombe kwa adabu."