Ufunguo Uliokuwa Shingoni Mwangu

Katika fleti yetu ya Tassia kuna kijana ambaye hadi leo haitwi jina lake. Anaitwa Shujaa. Ni fundi wa kuchomelea mageti hapo chini, na akipita tu utasikia, "Niaje Shujaa!" Siku nyumba yangu iliposhika moto, yeye ndiye aliyevunja kufuli kwa nyundo akamtoa mwanangu wa miaka sita, na simu za ploti nzima zikamrekodi akishuka ngazi amembeba. Kanisani aliitwa mbele akapigiwa makofi. Mimi mwenyewe nilimpikia kuku. Simwonei kijicho, alifanya kazi ya kiume na Mungu ambariki. Lakini kuna mtu aliyefika kwenye mlango ule kabla yake, na huyo nilimtenda ubaya.

Tuliishi ghorofa ya nne, mlango kwa mlango na mama mmoja mzee, mtu wa Pwani, na binti yake. Alikuwa akikaanga mahamri alfajiri na kuyauza pale pale mlangoni. Sisi tunaoshinda viwandani tulimwachia funguo. Ndivyo tunavyoishi kwenye fleti hizi: kufuli inakaa nje, ufunguo mmoja unaenda nao kazini, wa pili unabaki kwa jirani asiyetoka, mvua ikinyesha akuanulie nguo, mtoto akitoka shule amfungulie. Mama alikuwa na pete nzima ya funguo, kila mmoja ameufunga uzi wa rangi yake. Wangu ulikuwa na uzi mwekundu.

Kisha tukakosana. Ati nilidhani anaingia kwangu ananipunguzia mafuta ya kupikia! Ushahidi sikuwa nao, nilikuwa na mdomo tu, na mdomo wangu ukianza hauna breki. Nilimwambia mama wa watu maneno ambayo hata sasa siwezi kuyaandika. Jioni hiyo nikanunua kufuli mpya, funguo zake mbili nikazitia kwenye kamba moja, nikaivaa shingoni. Ule wake wa zamani sikuuomba, maana kuuomba kungekuwa kumsemesha. Hakujua nimebadilisha.

Wiki hiyo hiyo mtoto akashikwa na matumbwitumbwi, mwalimu akasema akae nyumbani. Zamani ningemwachia mama bila kufikiri mara mbili. Kwa kiburi changu nikamfungia ndani, nikamwachia chai kwenye thamosi na mkate, nikamwashia TV, nikamwambia asimwitikie mtu. Waya wa ekstensheni nyuma ya TV ndio uliowaka.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mtoto mwenyewe. Alipoanza kulia mama alimsikia, akatoka na pete yake, akautia ule wa uzi mwekundu. Ukakataa. Akajaribu tena na tena, mtoto akiusikia unakwaruza kwenye kufuli. Ndipo mama akavunja kioo cha dirisha la koridoni kwa sufuria, akapitisha mkono kwenye grili, maana mtoto alikuwa keshaanza kuingia chini ya kitanda ajifiche. Akamwita aje. Alipokaribia akamkamata shati, akamvuta hadi dirishani, akamfunika kichwa na leso aliyoiloweka maji, huku anaita watu. Pazia langu lilikuwa la nailoni. Liliyeyuka likamshika mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na hakuachilia lile shati mpaka aliposikia nyundo ya fundi mlangoni; kwa moshi uliojaa koridoni hakuna mwingine aliyeona.

Nilifika kwa bodaboda, koti la kazi bado mwilini. Mtoto yu hai, watu wanampigapiga Shujaa mgongoni, wengine wanalia. Mama ameketi sakafuni koridoni, ameegemea ukuta, pete ya funguo mkononi. Nilipoiona ile pete nikashikwa na hofu. Nilijua watauliza nani alimfungia mtoto, na kwa nini aliyekuwa na ufunguo hakufungua. Basi nikawatangulia. Nikapaza sauti mbele ya fleti nzima: "Ufunguo ulikuwa nao wewe! Ulikuwa unangoja nini, mwanangu afe?"

Sikuwa nimesahau kuhusu kufuli. Wacha niseme ukweli hata kama ni leo. Kamba ilikuwa shingoni mwangu, naihisi imenata kwa jasho. Mama aliniangalia usoni, kisha macho yakashuka hadi kwenye ile kamba, yakakaa hapo. Halafu akasema, watu wote wakisikia, "Nilichelewa, mwanangu. Miguu yangu hii."

Basi. Kwa maneno hayo akaniokoa na mimi pia, na mimi nikanyamaza. Watu wakamwendea mmoja mmoja kuchukua funguo zao, wengine hata hawakufika, walibadilisha kufuli tu. Mahamri yake yakawa yanalala bila mnunuzi. Mkono haukunyooka tena. Mtoto wangu kila mara akiniambia, "Mama, ni nyanya wa mahamri alinishika shati," mimi namjibu, "Wewe ulikuwa umeingiwa na moshi kichwani, nyamaza." Aki ya Mungu, nilimwambia hivyo mtoto wangu. Miaka miwili nikipita mlango ule nimeinamia simu, hata kama imezimika.

Yule mama alipoanza kuugua nilijiambia nitasema. Na akifa, nitasema matangani. Kwetu Magharibi maiti inasubiri, watu wanakesha wiki nzima, kila mwenye neno anapewa nafasi asimame aongee. Nilishapanga hata nitasimama wapi. Kumbe nilikuwa najipangia mambo ya kwetu kwa mtu asiye wa kwetu. Alikufa alfajiri, akazikwa adhuhuri kama ilivyo ada ya Waislamu, nami niko kiwandani na simu imefungiwa kabatini. Niliporudi jioni hata turubai halikuwepo.

Niligonga. Binti yake alinifungulia, nikamwambia pale pale nimesimama: kufuli nilibadilisha, mama alifika wa kwanza lakini ufunguo wake haungefungua, na nilijua.

"Tunajua," akasema. "Aliniambia siku ile ile. Akanikataza nisiseme, eti utakuja useme mwenyewe."

Akaingia ndani, akarudi na ile pete. Ulikuwa umebaki ufunguo mmoja tu, wa uzi mwekundu. Akaniwekea kiganjani.

"Kila asubuhi alikuwa anakuwekea mahamri mawili kwenye sahani, anayafunika," akasema. "Nikimuuliza ya nani, ananiambia huenda ukaingia leo. Jioni nayala mimi."