Mwizi wa Klabu ya Video

Zamani mtoto akitaka kumvunjia mtu mzima heshima alimtukana kwa mbali akatimua mbio. Siku hizi humwamkia vizuri, humwita babu, kisha humpiga video.

Mlinzi wa geti, ambaye shule nzima ilimwita Mzee Funguo, hakuona ubaya watoto wa klabu ya video walipomfuata kibandani. Mwalimu wao alikuwa akiwafundisha wasiamini kila wanachokiona kwenye simu, nao wakatunga video ya sehemu mbili. Katika ya kwanza, Mzee Funguo anaiba begi darasani. Katika ya pili anaeleza kwamba aliigiza tu, ili mtazamaji aone alivyodanganyika.

"Babu, nyemelea kama paka!"

"Paka gani ana goti bovu?"

Wakavunjika mbavu. Akanyemelea. Nyumbani akamwambia mkewe, "Mimi sasa staa."

"Staa wa kulala mapema. Kula."

Sehemu ya kwanza ilizagaa mtaa mzima. Ya pili hakuna aliyeituma. Mzee anaongea tu, walisema, inachosha. Mwenye duka akaanza kufunga droo ya pesa kila alipomwona. Wazazi wakaja juu, na mwalimu mkuu akamwita.

"Mzee wangu, mimi najua uliigiza."

"Basi waambie, mwanangu. Kazi hii ndiyo inayotulisha."

"Nimewaambia. Hawaitaki sura ile getini."

"Sura hii iko getini tangu wewe unavaa kaptura."

Mkuu akanyoosha mkono, akapokea funguo.

Mwalimu wa klabu alilitumia tukio hilo darasani: mfano mzuri sana wa upotoshaji, alisema. Watoto wakaandika insha, wakapata alama za juu. Kibandani hakufika hata mmoja.

Siku ya kuondoka, mzee alitoka amejitwika godoro lake la kibandani, akawakuta watoto nje ya geti na kamera yao. Moyo ukamtulia kidogo. Wamekuja kunisafisha jina, akajisemea.

"Babu, subiri!" akaita msichana aliyeshika kamera. Mzee akasimama, akingoja neno. "Jua liko nyuma yako, uso hauonekani. Rudi ndani utoke tena. Polepole, halafu inamisha kichwa."

Mlinzi mpya akamfungulia. Mzee akarudi ndani, akaliweka godoro sawa, akatoka upya, polepole, kichwa chini.

"Safi sana, babu!"

Wakampigia makofi, kisha wakaizunguka kamera kutazama walichopata. Mzee hakuwaona tena.