Hajulikani

Mwaka niliohamia upande wa Msambweni bendera ya Mwingereza ilikuwa bado haijashushwa, na kila baraza watu walikuwa wakizungumza habari ya kushushwa kwake. Mimi sikuwa na nafasi ya habari hizo. Nilikuwa bi harusi wa mwezi mmoja. Niliolewa kwetu Pemba na kijana wa Kidigo aliyekuja kuchuma karafuu, na msimu ulipokwisha akanichukua mimi na sanduku langu, tukashuka Shimoni, tukaenda hadi kijijini kwao, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Msambweni ukielekea bara.

Siku ya kuagana mama yangu hakulia. Alimtazama mume wangu akamwuliza, "Barua zitamfikaje mwanangu?"

Mume wangu akamjibu kwamba kijijini kwao kuna duka, na mwenye duka ndiye wakala wa posta. Begi la barua huletwa na basi mara mbili kwa wiki. Kaka yangu, aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani, akaiandika anwani hiyo kwenye karatasi mbili, moja yake na moja ya mama, ambayo aliitia ndani ya msahafu. Jina langu, binti wa baba yangu, kwa mkono wa mwenye duka, Msambweni.

Jina hilo kule nilikokwenda hakuna aliyelitumia. Niliitwa Mpemba. Wenye adabu kidogo waliniita mke wa mpishi, kwa kuwa mume wangu alipata kazi ya jikoni katika hoteli ya wazungu huko Galu, akawa anarudi nyumbani Ijumaa tu. Siku sita nilikuwa peke yangu na mama yake.

Nisiseme uongo: sikupendwa, nami sikupenda. Nikifika kisimani wanawake waliziinua ndoo zao na kuzisogeza upande wa pili. Kwao Mpemba na mtsai, yaani mchawi, yalikuwa maneno mawili ya kitu kimoja. Mkwe wangu hakula chakula nilichopika mpaka anione mimi nimekula kwanza, tena alinitazama koo nikimeza. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akiitikia marahaba huku ameelekeza uso ukutani. Mimi nami nikaanza kumtilia chumvi nyingi kusudi.

Barua mbili za mwanzo zilinifika salama. Mama hakujua kuandika. Alikuwa akisema na kaka akiandika kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyozoea kwetu. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, mrefu, kofia yake safi siku zote. Alinirushia bahasha juu ya meza ya duka mbele ya wateja akasema, "Mpemba, kwenu hawajakusahau." Wakacheka. Nikaichukua nikatoka.

Ya tatu ndiyo iliyoharibu mambo. Mama alinitilia karafuu ndani ya bahasha, kiasi cha kiganja kimoja, nizitie nguo zangu harufu. Njiani bahasha ilichanika pembeni. Mwenye duka alipoitoa kwenye begi, karafuu zikamwagika juu ya mizani yake, na karatasi ikachungulia na maandishi yake ya Kiarabu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikingoja sukari.

"Nini hii?" akauliza.

"Karafuu. Mama yangu ameniletea."

"Karafuu na maandishi pamoja. Hii ni hirizi."

"Ni barua, bwana. Soma. Wewe si unajua Kiarabu? Soma basi."

Hakusoma. Aliingia ndani akaja na koleo la makaa, akaishika barua yangu kwa koleo, akaitoa nje akaiweka mchangani. Niliinama nikaiokota mbele ya watu. Karafuu aliziosha mizanini kwa maji na majivu. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa, na pengine nilikosea kulisema, kwa sababu wiki ile ile mkewe aliharibikiwa na mimba.

Baada ya hapo sikupata barua tena. Kila siku ya begi nilikwenda, na kila siku alinijibu bila kuinua macho: "Hakuna." Mwezi wa kwanza nikasema bahari imechafuka. Mwezi wa tatu nikasema kaka anaumwa. Niliandika barua mwenyewe nikampa mume wangu aitie posta Ukunda apitapo kwenda kazini, nikaandika na nyingine, na ya tatu. Hakuna jibu. Bendera ikashushwa, watu wakachinja mbuzi na kupiga ngoma, na mimi nilikaa jikoni nikipiga hesabu ya miezi saba bila neno la mama yangu. Nikamkasirikia. Nikasema moyoni, ameozesha na amefunga mlango.

Mwezi wa kumi wa kukosa barua nilikuwa nimekaa uani nikimenya muhogo, mimba yangu ya kwanza ina miezi mitano, mara nikasikia mtu akibisha hodi kwa sauti ya kwetu. Niliinuka kisu mkononi. Kaka yangu alikuwa amesimama penye ua, kanzu imejaa vumbi mpaka magotini. Aliponiona alishika nguzo ya ua akakaa chini, vile vile, juu ya mchanga.

"Kaka, una nini?"

"Nimekuja kuoneshwa kaburi," akasema.

Alifungua mkoba wake akanitolea bahasha tano. Zote mwandiko wake, zote jina langu, na juu ya kila moja pameandikwa kwa wino mwekundu: Hajulikani. Irudi. Bahasha ya kwanza ilipomrudia mama, alisema ni makosa ya posta. Ya tatu iliporudi akanyamaza. Ya tano iliporudi alisema kwamba mtu asiyejulikana mahali alipoolewa basi amekwisha kufa na wakwe zake wameficha. Wakanisomea khitma. Majirani walikuja, wali ukapikwa, mama akakaa ndani na kupokea mikono ya rambirambi. Kisha kaka akatafuta karatasi ya kusafiria, maana siku zile zilikuwa zimeanza kudaiwa karatasi, akaja.

Sikulia. Nilikiweka kisu, nikavaa buibui. "Twende dukani," nikasema.

Ilikuwa asubuhi na duka lilikuwa limejaa. Kaka yangu alitoa salamu kamili, akaitikiwa. Nikazipanga bahasha zote tano juu ya meza, upande wa wino mwekundu juu.

"Mwandiko huu wa nani?" nikauliza.

Mwenye duka alizitazama. "Wangu."

"Mimi hunijui?"

"Jina lililoandikwa hapo silijui. Mimi namjua mke wa mpishi."

"Barua mbili ulinipa kwa jina hili hili. Na sukari unaniuzia kila wiki."

Aliondoka kwenye kiti chake akaja karibu, na sauti yake ikashuka. "Mke wangu alipoteza mtoto siku nne baada ya ile barua yako. Siku nne. Mimi nina haki ya kulinda nyumba yangu. Sitaki vitu vya Pemba ndani ya duka langu."

"Pole kwa mtoto," nikamwambia, na nilimaanisha. "Lakini mama yangu amekaa eda ya mtoto aliye hai kwa ajili ya wino wako."

Najua hakuna eda ya mtoto. Hasira haichagui maneno. Kaka yangu alizikusanya bahasha moja moja akasema kwa upole kwamba ataondoka na gari la mchana kwenda Mombasa, na atauliza ofisi kubwa ya posta iko wapi. Mwenye duka akababaika. Uwakala ulikuwa heshima yake yote.

"Mnataka nini?"

"Andika," nikasema. "Mwandikie mama yangu kwa mkono wako kwamba mimi ni hai, na kwamba wewe ndiye uliyezirudisha barua."

Aliandika. Alichukua muda mrefu kwa mistari minne, na neno la kwamba ni yeye aliyezirudisha alilikataa, kaka akainua mkoba kama anayetaka kutoka, ndipo akaliandika. Tulipokuwa tunatoka alinitupia la mwisho, kwa sauti ya kusikika na wote:

"Na mumeo muulize! Mimi nilimwambia tangu barua ya kwanza kurudi. Yeye ndiye aliyesema, zirudishe tu."

Nilimjibu kwamba ni mwongo. Njia nzima kurudi nyumbani kaka yangu hakunitazama, nami nikajua kwamba yeye ameamini.

Ijumaa mume wangu alirudi na mfuko wa mikate ya hotelini. Alimwona kaka yangu barazani, akasimama. Hakuuliza umefika lini. Nilimwita chumbani nikafunga mlango.

"Ulijua?"

Alikaa kitandani. "Nilikuwa nataka amani," akasema. "Walikuwa wanasema watakuchomea nyumba. Nikaona barua zikikoma maneno yatakoma."

"Na zile zangu? Nilizokupa utie posta?"

Aliinama akaanza kuvua viatu.

"Zile zangu tatu ziko wapi?"

"Nilizitia jikoni." Alikuwa na maana ya jiko la hoteli, kwenye moto. "Ulikuwa unawaambia waje wakuchukue."

"Ulizisoma?"

"Sikuweza kuzisoma. Nilidhani tu."

Katika barua zile tatu sikuwa nimemwomba mtu kuja kunichukua. Nilikuwa nimeuliza hali ya goti la mama, nikaomba mbegu za mrehani, na katika moja nilimsifu yeye, kwamba ni mtu mpole.

Kaka yangu aliniambia nifunge sanduku. Nilikaa nalo mbele yangu jioni yote, na kila nilipoinuka mtoto alinipiga teke. Wakati ule mwanamke aliyerudi kwao na mimba alirudi na maneno ya watu, na maneno ya watu nilikuwa nimekwisha kuyashiba. Nikamwambia kaka aende peke yake. Aliondoka na barua ya mwenye duka ndani ya mkoba, na mume wangu alipompa mkono wa kwaheri hakuupokea.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya Msambweni alinikubalia kutumia sanduku la barua la shule. Kila Jumamosi ya pili nilikwenda kwa miguu yangu, saa moja kwenda na saa moja kurudi, baadaye na mtoto mgongoni. Mume wangu alijitolea mara nyingi kuniletea akitoka kazini. Sikumpa ruhusa. Miaka kumi na minne niliyoishi naye, mpaka alipofariki, hakugusa tena barua yangu, iwe ya kwenda au ya kuja.

Jibu la mama lilikuja baada ya mwezi. Nilitarajia shukrani kwa Mungu na maneno matamu. Aliandikisha hivi: "Miezi kumi umekaa unangoja mwanamume akupe barua. Miguu huna? Nimekwisha kukulilia, machozi mengine sina. Mtoto akizaliwa niarifu." Niliisoma mbele ya shule, wanafunzi wakipita, nikaona uso wangu unachoma. Nilimkasirikia mwaka mzima, na haki ilikuwa yake.

Mwenye duka aliendelea na uwakala wake. Sukari nikanunua kwingine. Tulipishana njiani miaka yote ile, naye alitangulia kutazama pembeni. Alipokufa kijiji chote kilikwenda kumzika. Mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa amezeeka na alikwisha kuzoea kula nilichopika bila kunichunguza koo, alikuja uani amejifunga leso ya matanga.

"Twende, mwanangu," akasema. "Maiti hawekewi kisasi."

Nilikuwa ninafua. Nikamwambia atangulie, nikaendelea kufua.