Bahasha Chini ya Kiti

Noeline alitoka kukamua ng'ombe akiwa hoi, buti zimejaa tope la mashamba ya Gippsland, akamkuta mumewe, Merv, ameshatandaza mezani karatasi zao mbili za kura ya udiwani. Kura hiyo hupigwa kwa posta, na usipoipiga unatozwa faini. Hata wagombea usiotaka kuwaona lazima uwape namba wote, kuanzia umpendaye zaidi hadi wa mwisho, la sivyo kura imeharibika.

"Gorringe namba moja," Merv akasema.

"Huyo huyo anayetaka kufunga bwawa la kuogelea la watoto?" Noeline akampa Gorringe namba ya mwisho. Miaka yote ilikuwa hivyo, mmoja anajenga, mwenzake anabomoa. "Tunahangaika bure, mzee. Kura zetu zinauana njiani."

"Weka sahihi ukalale, mama. Posta nitapeleka mimi."

Noeline akatia sahihi nje ya bahasha yake, akalala na soksi miguuni.

Wiki iliyofuata, siku ya mwisho ya kura imeshapita, alikuta bahasha moja ya kura chini ya kiti cha gari lao. Damu ikamchemka. Akaingia nayo jikoni, akaibwaga mbele ya Merv.

"Umeniibia kura yangu."

Merv hakuacha kupaka mkate siagi. "Isome kwanza."

Akaigeuza. Sahihi ilikuwa ya Merv.

"Ulikuwa umechoka," Merv akasema. "Nikaona safari hii ushinde."

Noeline akavuta kiti, akaketi taratibu. "Na faini?"

"Analipa mshindi."