Karibu Haimfikishi Mgeni Chumba cha Ndani

Nakumbuka asubuhi moja ya Kilindoni, hapa Mafia, ambayo ningefurahi initoke moyoni, mwanangu, lakini mambo machungu yana tabia ya kukaa. Nilikuwa sijatimiza mwaka tangu nirudi kutoka chuo kikuu, nimeajiriwa katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria kwa wanawake. Ofisi hiyo haipo tena, na jina lake nitaliacha lipumzike. Mkuu wake alikuwa Ami Nassor, mdogo wake marehemu baba yangu. Wewe unayejifunza leo kujenga tovuti na kuendesha seva, nisikilize mpaka mwisho. Sitakusimulia kwa upole mwingi, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa na upole.

Ami Nassor alikuwa mtu wa heshima zake, mwenye mashamba ya minazi na sauti isiyopandishwa. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, utu uzima ukiwa umeshamfika, na tovuti ya ofisi aliijenga kwa mikono yake. Seva ilikuwa kompyuta moja iliyokaa chini ya meza yake, ikivuma kutwa. Alijivunia mashine ile kama mtu anavyojivunia kisima alichokichimba peke yake, na kwa haki. Kisiwa kizima hapakuwa na mwingine aliyethubutu.

Ofisi yetu ilikuwa na sauti za aina mbili. Za kwanza ni masomo: mirathi, talaka, haki ya mama kulea mtoto. Hayo yaliwekwa kwenye tovuti, na yeyote mwenye simu aliweza kuyasikiliza. Za pili ni malalamiko. Kina mama wengi waliona ni afadhali kusema kuliko kuandika, kwa hiyo tuliwarekodi, na sauti zao tukazihifadhi katika kompyuta ileile, katika saraka, yaani folda, nyingine. Chumba cha masomo na chumba cha siri, mwanangu, chini ya paa moja.

Dada Mwanahawa wa Baleni nilimrekodi mimi. Mumewe alikuwa akimpiga. Alitaka talaka, lakini kwanza alitaka binti yake mdogo awe salama kwa kaka yake hapa Kilindoni, na kaka alikuwa safarini bara. Mpaka arudi, mume hakutakiwa kunusa lolote, maana alikwisha kuapa kwamba mke akitaka kuondoka, mtoto hatamwona tena.

"Mdogo wangu," aliniuliza tulipomaliza, "hii sauti haitatoka humu?"

"Haitatoka, dada," nikamjibu. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyoamini.

Sasa elewa ulipokuwa ubovu. Msikilizaji aliyetaka somo alitaja jina lake, na seva ikaenda chumba cha masomo ikamletea. Lakini katika lugha ya mashine, nukta mbili zinazofuatana na mkwaju, ule mstari ulioinama, maana yake ni "rudi nyuma chumba kimoja". Mtu akiandika alama hizo, kisha akataja saraka nyingine, seva ya Ami ilimtoa chumba cha masomo, ikampitisha ukumbini, ikamwingiza chumba cha ndani na kumkabidhi alichokitaja. Haikumwomba nywila, wala haikumuuliza ni nani.

Kosa hili mwalimu wa darasani angeliita uzembe. Mimi naliita malezi. Unazijua nyumba zetu za zamani: mwanamke hupita uani kwa huyu akatokea uani kwa yule, akamaliza mtaa mzima bila kukanyaga njia kuu, na hakuna anayemuuliza aendako. Kumuuliza ni kumtukana. Akishaitikiwa hodi yake, miguu yake mwenyewe ndiyo inayojua wapi pa kusimama. Ami alikulia katika adabu hiyo, akaijenga ndani ya seva. Alisahau kwamba anayekuja kwa waya hakulelewa uani kwetu.

Nilipougundua ubovu ule sikulala nao. Asubuhi hiyo niliyokutajia nilimkuta Ami ofisini na chai yake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, Zuhura. Mbona uso umekunjamana, umeota deni?"

Nikamweleza. Akacheka hadi kikombe kikatikisika.

"Nani hapa Mafia atakaa kitako aandike nukta na mikwaju? Watu wetu wakiandika ujumbe hata koma hawaweki!"

"Si lazima awe wa hapa, ami. Na wa hapa vijana wapo."

"Mgeni ukishamwambia karibu, humfuati kisogoni ukimuuliza 'wapi, wapi'. Mimi sikulelewa hivyo, na wewe pia hukulelewa hivyo."

Hata hivyo, kwa kuniridhisha, aliiagiza seva iziondoe alama zile kila itakapoziona. "Nimeziba," akasema. Nikajaribu. Nilipoiandika alama moja ndani ya tumbo la nyingine, seva iliitoa ile ya ndani, na vipande viwili vya nje vikakutana vikawa alama nzima, njia ikafunguka kama mwanzo. Ni kama kukata fundo la katikati ya kamba ukaona ncha zinajifunga zenyewe.

Nilirudi kwake kumwambia, nikamkuta na wazee wawili wa kamati ya ofisi wakinywa kahawa. Ningengoja waondoke, lakini nilikuwa kijana, na kijana akiona moto hachagui kiti. Nikasema mbele yao kwamba ufa ungali wazi.

Ami hakupandisha sauti. "Mnamwona bint' wa marehemu kaka yangu? Tumemsomesha, kisomo kimemfundisha kuchungulia uani kwa watu. Kisha anakuja kutwambia mlango hauna komeo."

Wazee wakacheka kidogo, kicheko cha kumsaidia mwenye nyumba. Nikaona hawataamini mpaka wasikie. Nikaichukua simu yangu, nikaandika nilichoandika, na sauti ya kwanza iliyokuja ilikuwa ya Dada Mwanahawa: "Mume wangu akishanipiga, hulia yeye. Mimi ndiye ninayembembeleza..."

"Astaghfirullah," mzee mmoja akasema, akageuza uso.

"Zima," akasema Ami. "Zima, na usirudie tena."

Nikazima. Nilidhani sasa ataufunga mlango ule. Haukufungwa. Kuufunga siku ile kungekuwa kukiri mbele ya wageni wake kwamba mimi aliyenikejeli nilikuwa na haki, na kwa mtu wa makamo yake, mwanangu, kukiri kwa mdogo ni kuzito kuliko gunia la nazi. Akasema fundi kutoka Dar es Salaam ataitazama kazi atakapokuja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia kuhusu ukuta usiojengeka.

Siku chache baadaye nilikuwa sokoni. Penye kijiwe cha bodaboda vijana walikuwa wamesongamana juu ya simu moja.

"Hebu irudishe pale anaposema jamaa hulia!"

"Kupiga apige yeye, kulia alie yeye! Huyo si mume, huyo ni mwali!"

"Ngoja, ngoja. Hiyo si sauti ya Mwanahawa wa Baleni? Mimi namjua, humpeleka shamba. Ndiye huyo huyo!"

"Basi kesho mbebe bure, maskini, na mumewe umnunulie kitambaa cha kufutia machozi."

Niliwaambia wazime. Mmoja akanijibu kwa adabu kabisa, "Dada, hata tukizima sisi, Kilindoni nzima wanayo." Alisema kweli. Aliyeitoa sauti ile katika seva sijamjua mpaka leo. Huenda ni kijana wa kwetu, huenda ni mtu asiyejua hata kisiwa hiki kiko wapi.

Mume alisikia siku hiyohiyo. Alichokisikia hakikuwa siri ya mkewe pekee. Kilikuwa kicheko cha wanaume wenzake, na mwanamume aliyechekwa hutafuta pa kuiweka aibu yake. Kabla kaka mtu hajarudi, alimchukua yule binti akavuka naye kwenda Rufiji kwa ndugu zake.

Kamati ikakutana. Wakauliza nani aliifungua sauti ile. Ami akaeleza kwamba seva huweka kumbukumbu ya kila aliyeingia, na simu yangu imo. Hakusema uongo hata neno moja. Hakusema tu kwamba hakutazama majina mengine, wala kwamba nilimwonya mara mbili. Wale wazee wawili walikuwapo. Mmoja alikohoa, mwingine akatazama mkeka. Nikaondolewa kazini kabla ya adhuhuri, na kwa miaka mingi baadaye palikuwa na nyumba ambazo nikipiga hodi, mazungumzo ya ndani hukatika.

Nilikwenda Baleni kumwambia Dada Mwanahawa kwamba si mimi. Nilimkuta uani akifunga nguo zake katika kanga.

"Najua si wewe," akasema bila kuniangalia. "Wewe huna urafiki na wahuni wa kijiweni. Lakini ulinifungua mbele ya wazee, au hilo nalo ni uongo?"

"Nilitaka waamini, dada. Ili waufunge mlango."

"Kwa nini hukuwafungulia ya kwako?"

"Yangu haikuwamo mle."

"Ungeitia! Ungekaa chini ukasema aibu yako, ukaiweka mle, ukawafungulia hiyo. Ya kwangu ilikuwa ya bure?"

Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Rufiji. Kwake."

"Dada, na talaka je? Ofisi ya wilaya ipo, tunaweza bado..."

"Mwanangu yuko kule. Nikae huku na talaka niipike?"

Akajitwisha kifurushi, akapita kando yangu. Nilisikia baadaye kwamba alipokewa, na kwamba mume, akishampiga, hakulia tena.

Mwanangu, nimefundishwa kama wewe kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeishi vya kutosha kuongeza upande wa pili, ambao wakubwa hawakupenda kuutunga: mkuu asiyesikia la mdogo, guu linalovunjika si lake. Ami Nassor alizeeka kwa heshima na akazikwa na watu wengi. Nilikuwa miongoni mwao. Nilimwombea, na sikumsamehe, na sitakudanganya kwamba mvi zimebadilisha hilo.

Basi haya ndiyo ninayokuusia. Usiipime njia ya mgeni kwa maneno aliyoyatamka, maana maneno yana namna elfu za kujificha. Iamuru seva kwanza iifuate njia mpaka mwisho wake, itazame mguu umekanyaga wapi, na kama ni nje ya chumba ulichomruhusu, imkatalie hapohapo. Kuondoa alama ukadhani umefunga mlango ni kujidanganya. Na siri za watu usizilaze katika nyumba inayopokea wageni. Zitafutie nyumba nyingine isiyo na mlango wa barabarani. Programu inayohudumia umma usiipe ufunguo wa kila chumba, hata ikiwa umeijenga wewe na unaipenda.

Ukiuona ufa katika kazi ya mwingine, uthibitishe kwa kitu chako mwenyewe: tengeneza faili lako, liweke mle, lifungue hilo. Usimvue mtu nguo ili kuonyesha kwamba pazia limechanika. Andika ulichokiona, na uandike ulimwambia nani, kwa sababu kinywa cha mdogo hakina mashahidi. Wakikunyamazisha, toka nje ukamwambie mwenye siri kabla hujamwambia mtu mwingine. Mimi nilimwambia Ami, nikawaambia wazee. Dada Mwanahawa, aliyekuwa na mtoto wa kumficha, hakuna aliyemwambia. Angeijua hatari siku ile ya kwanza, angempeleka binti hata kwa jirani.

Na siku itafika utakuwa wewe ndiye mkubwa, na kijana atasimama mbele ya wageni wako akuambie kazi yako ina tundu. Utaona uso unakuwaka moto. Mshukuru, kisha inuka ukatazame, kahawa ipoe.

Mola akupe mkono mwangalifu na sikio lisiloona haya. Akuepushe na sifa zinazokuzuia kukiri. Wale waliokukabidhi siri zao wasijue kamwe, mpaka kufa kwao, jinsi zilivyokuwa karibu na mlango. Na sauti ya Mwanahawa, katika kila simu ambamo ingali imelala, Mola aizime.