Nilichekesha Kabambare Nzima kwa Siri ya Bwana Yangu

Admin, ufiche jina langu, maana huku kwetu Kabambare watu wanajuana. Niko mwanamuke wa miaka ishirini na nane, mushonaji, mama wa watoto wawili. Bwana yangu anabeba watu na pikipiki. Ni mutu mukubwa, sauti yake peke inanyamazisha watoto wa jirani.

Lakini anaogopa kilalo, lile daraja la miti lililo kwenye njia ya Kasongo. Kaka yake alizama pale wakiwa watoto. Wateja anawaambia washuke wavuke kwa miguu sababu miti imeoza, nao wanamusifu kwa busara. Tukiwa wawili, mimi ninashika usukani, yeye anasukuma nyuma amefumba macho, ameshika ncha ya kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, anaimba wimbo wa kubembeleza mutoto.

Mimi tangu zamani ninapenda kuchekesha watu mu sherehe za ndoa. Kuna wachekeshaji wawili, bwana na bibi yake, ninawafuata sana mu telefone. Waliposema watacheza Kasongo mu sale, ule ukumbi wa parokia, bwana yangu mwenyewe alinipeleka. Mchezo ulipoisha, yeye akabaki inje kulinda pikipiki, mimi nikazunguka nyuma. Niliwakuta wanapangusa rangi usoni, wanakula muhogo wa kuchoma.

"Karibu, dada," bibi akasema. "Tuonyeshe unachofanya."

Nikaiga mulevi. Hakuna aliyecheka.

"Walevi kila mutu anawaiga," bwana yake akaniambia. "Wewe peke yako unajua nini?"

Mungu anisamehe, nikawaambia mambo ya kilalo. Walicheka mpaka muhogo ukaanguka chini. Kisha wakanifundisha vizuri sana: nisicheke mwenyewe, ninyamaze kidogo mbele ya neno la mwisho, niache watu waningojee. Siku ile nilijiona niko mutu. Wakati wa kurudi, bwana yangu aliniuliza wameniambia nini. Nikamujibu, "Wamesema nitaweza." Akafurahi kuliko mimi.

Mwezi uliopita walikuja kucheza hapa kwetu, wakaniita jukwaani. Bwana yangu alikaa mbele kabisa, amevaa shati ya kwenda kanisani, anaambia kila mutu, "Ule ni bibi yangu."

Sikutaja jina. Nilisema tu "bwana mumoja wa pikipiki". Watu wakaanza kucheka, naye akacheka pamoja nao, akageuka kutafuta ni nani kati ya wenzake. Kisha nikashika ncha ya kikwembe, nikafumba macho, nikaimba ule wimbo. Sale ikalipuka. Yeye uso ukazima. Nilimuona, na ningeweza kuacha. Lakini watu walikuwa wananingojea, nikaendelea mpaka mwisho.

Nyumbani hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu, "Ule wimbo alikuwa ananiimbia kaka yangu. Nilikuonyesha wewe, sikuonyesha Kabambare."

Sasa wenzake wakimuona wanafumba macho na kuimba. Naye ili awanyamazishe anapita kilalo mbio, juu ya pikipiki, na wateja nyuma. Juma hili ameteleza, ameumia bega, mama mumoja aliyekuwa nyuma yake amevunjika mukono. Nikaenda kumuomba musamaha yule mama. Akaniuliza, "Wewe ndiye unayechekesha?" Nilitamani ardhi inimeze.

Nimewapigia simu wale wachekeshaji. Yule bibi akasema, "Tulikufundisha kuchekesha, hatukukuuliza kama yeye amekubali. Kosa ni letu pia." Lakini wameniomba niende kucheza nao tena Kasongo.

Na aibu yangu kubwa ni hii, sijaiambia mutu: bwana yangu analala akinipa mugongo, bega limefungwa, na mimi bado ninasikia kicheko cha watu, ninakitaka tena.

Wamama na wababa munaosoma, musinitukane tu, munielekeze. Niache kabisa kuchekesha? Na bwana huyu, nimuambie neno gani aweze kuniamini tena?