Mlima wa Ipogolo kwa Gia ya Kwanza

Aliyetangulia kuijaribu ile Vespa Jumamosi hiyo hakuwa Bertha Mwaisumo. Alipoingia uani kwa Mama Kalinga, pale Ipogolo, alimkuta mwanamume mnene wa koti la ngozi amekwisha kukalia kiti chake. Kiti chake: hivyo ndivyo alivyokiita moyoni tangu mwanawe Rabson alipomwonyesha picha kwenye simu, ingawa pikipiki yenyewe ilikuwa bado mali ya watu.

Ilikuwa ya bluu iliyopauka. Kioo cha taa kilikuwa kizima, tairi ya spea imefungwa ubavuni mahali pake, na mpira wa pale miguu inapokaa umelika katikati kwa kukanyagwa miaka mingi. Bertha aliitazama kama mtu anavyomtazama shoga yake wa zamani akishuka kwenye basi: kwanza sura, halafu mwendo, halafu kama amekonda.

Yeye ni muuguzi mstaafu wa Iyunga, Mbeya. Alipoanza kazi alipangiwa zahanati ya milimani Rungwe, na kazi yake ilikuwa kuwafuata kina mama na watoto vijijini kwa ajili ya chanjo. Alipewa Vespa. Sanduku la chanjo alilisimamisha katikati ya miguu yake, kitenge chake hakikupanda juu ya goti, na hakulazimika kurusha mguu juu ya tangi mbele ya wakwe wa watu. Wanawake wa huko walimjua kwa mlio kabla hawajamwona. Alipohamishiwa mjini, Vespa ilibaki kazini, na baadaye akasikia imeuzwa. Tangu hapo alibebwa na bodaboda, amekaa upande kama gunia, na kwa miaka michache aliendesha pikipiki ya Kihindi ambayo hakuwa na neno baya juu yake ila moja tu, kwamba haikuwa Vespa.

"Mama, tulikuja kuangalia," Rabson alimnong'oneza. Alikuwa na duka la vipuri kule Iyunga na alizoea kuuza kwa tahadhari. "Kuangalia tu. Usianze kutabasamu mwenye mali akakuona."

"Nimetabasamu?"

"Tangu Makambako."

Mwenye mali alikuwa amekaa kizingitini, kanga mbili mabegani kwa sababu ya baridi ya Juni. Veneranda Kalinga alikuwa amevuka miaka sabini, mjane wa katekista aliyeiendesha Vespa hiyo maisha yake yote ya utumishi, kigango hadi kigango.

"Kamwene, mama," Bertha alimsalimu kwa Kihehe, kwa heshima.

"Kamwene. Wewe si wa huku."

"Wa Mbeya."

"Mnyakyusa." Veneranda alimpima juu hadi chini. "Umeacha ndizi zako nyuma umefuata chuma."

"Ndizi zimo garini, mama. Nimekuletea mkungu."

Veneranda hakucheka, lakini alisogea akampa nafasi kizingitini. Akamweleza mambo yalivyo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyarudia mara nyingi. Wanawe wamepangisha chumba ilimokuwa pikipiki, na mpangaji anaingia jioni hiyo. Bei wameshaitaja na haibishaniwi. Yeye ana sharti moja tu. Wanunuzi wote waliokuja walitaka kuipakia kwenye gari kama ng'ombe wa mnada, nayo haijawahi kupakiwa. Anayeitaka ampakie yeye nyuma, ampandishe mlima kutoka Ipogolo hadi sokoni mjini, bila kusukumwa na mtu. Akifika, ni yake.

"Na kama hakuna atakayeweza?" Bertha aliuliza.

Veneranda alielekeza kidevu kwa mwanamume wa koti la ngozi. "Basi huyu ataichukua hivyo hivyo na kenta lake. Wanangu wameshamkubalia."

Mwanamume huyo aliitwa Sosthenes. Alikuwa na baa Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, na alitaka kuiweka Vespa juu ya kaunta, taa iwake usiku, wachimbaji wapige nayo picha. Alilisema hilo waziwazi, bila aibu. Kenta lake lilikuwa limeegeshwa nje ya uzio na kamba ziko tayari.

"Lakini kwanza nijaribu kistaarabu," alisema. "Nisije nikaambiwa nimempora bibi."

Akafungua mafuta, akapiga kiki. Injini ikaitika mara ya pili, ikatoa moshi wa bluu, na Bertha alipousikia ule mlio alishika ukingo wa kizingiti. Sosthenes akabana klachi. Mguu wake wa kushoto ukaanza kutafuta gia. Ulitafuta mbele, ukatafuta nyuma, ukagonga sakafu ya bati mara tatu, kwa maana kwenye Vespa hakuna gia mguuni. Gia iko mkononi, kwenye mshikio uleule wa klachi. Alipokumbuka aliuzungusha mshikio kwa nguvu na kuiachia klachi kwa pamoja. Vespa ikaruka kama mbuzi, ikavuka uani, ikasimama kwenye lundo la kuni za jikoni.

"Shuka, baba," Veneranda alisema. Akaenda mwenyewe kuirudisha mahali pake, akaifuta vumbi kwa kanga, akapitisha mkono chini ya kiti. "Mnyakyusa, zamu yako."

Rabson aliinama sikioni kwa mama yake. "Umemwona huyo? Na yeye ana nguvu. Mama, goti lako lile."

"Goti liko mguuni. Gia ziko mkononi."

Hakuharakisha. Alifungua kifuniko cha tangi akanusa, kwa kuwa injini ya aina hiyo hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na ikipewa petroli tupu hujiua yenyewe. Mchanganyiko ulikuwa sawa. Akaitikisa pikipiki kushoto na kulia ili oili isituame chini, kama alivyokuwa akifanya kila alfajiri kule Rungwe. Akabonyeza tairi. Akajaribu breki. Akamvisha Veneranda kofia ya kuendeshea, na hapo ukazuka ugomvi mfupi, kwa sababu kofia haikuingia juu ya kilemba na Veneranda hakuwa tayari kuonekana mjini bila kilemba. Mwishowe kilemba kilifungwa shingoni.

Kiki ya kwanza tu, ikawaka.

Bertha alibana klachi, akazungusha mshikio taratibu mpaka akasikia ule mgoto mdogo kiganjani, akaachia. Wakatoka uani kama maji yanavyotoka mtungini. Walivuka daraja la Ruaha Mdogo. Upepo uliingia kwenye mikono ya sweta lake, na alijikuta anacheka kwa sauti, peke yake, midomo wazi, mpaka meno yakapata baridi. Mkono wake ulikuwa haujasahau kitu. Gia ya pili. Ya tatu. Ubavu wa kulia ulikuwa mzito kidogo, upande wa injini, na kiuno chake kilikuwa kimekwisha kuegemea kushoto kabla hajafikiria.

"Marehemu alikuwa haendi hivi," Veneranda alimpigia kelele sikioni.

"Nipunguze?"

"Nimesema upunguze?"

Nyuma yao ilikuja Probox ya Rabson, taa za hatari zikiwaka kama za msafara wa harusi. Nyuma ya Probox lilikuja kenta la Sosthenes, pole pole, bila papara, kama mtu anayejua atakachokuta mbele.

Mlima wa Ipogolo hauna mzaha. Barabara inaacha bonde ghafla na kuanza kujipinda, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na magari ya mizigo huanza kulia tangu kona ya kwanza. Bertha alirudi gia ya pili. Wakapita kona ya kwanza vizuri. Kabla ya kona ya pili mlio ukabadilika, ukawa mwembamba, ukakohoa. Akarudi gia ya kwanza. Ikakohoa tena, ikatulia, ikazimika.

Alikamata breki ya mkono, akakita miguu yote miwili kwenye lami. Kisha honi ya kenta ikapigwa mara moja, kwa adabu.

Rabson alishuka mbio. "Mama, nisukume kidogo tu, hadi pale tambarare."

"Usiguse."

"Kidogo tu, nani ataona?"

"Mimi hapa nyuma naona," Veneranda alisema.

"Mama Kalinga," Bertha alisema bila kugeuka, "shuka kidogo nipige kiki, mlima huu ni mkali."

"Sishuki. Nilisema nitashukia sokoni."

Sosthenes alikuwa amefika kwa miguu, mikono mfukoni. "Dada yangu, umejitahidi sana," alisema, na alionekana kumaanisha. "Mashine ya zamani hii. Tuipakie taratibu, tusiiumize. Baa yangu ina heshima zake, utakuja kuiona."

Bertha alizidi kubana breki kwa kiganja cha kulia, maana nyuma yake kulikuwa na uzito wa bibi mzima, na barabara ilitaka kuwarudisha wote Ipogolo. Alijua kwamba akiiachia sekunde moja, jioni hiyo Vespa italala kwenye kenta na kesho itakuwa juu ya kaunta, imezungukwa na chupa. Akajilazimisha kuusikiliza tena mlio ule kichwani, jinsi ulivyokonda kabla ya kufa. Injini yenye ugonjwa hupiga kelele. Hii haikupiga kelele. Ilififia, kama mtoto aliyenyimwa ziwa.

Njaa. Haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa na njaa.

Akashusha mkono wa kushoto chini ya kiti, akapapasa hadi kwenye koki ya mafuta. Ilikuwa imefungwa. Walikuwa wamefika pale kwa vijiko vichache vilivyobaki kwenye kabureta tangu Sosthenes alipoiwasha. Kule Rungwe asingesahau koki hata akiwa na homa. Lakini pikipiki za siku hizi koki hufunguliwa siku zinaponunuliwa na haiguswi tena, na mkono wake ulikuwa umeharibiwa na mazoea hayo.

"Nani amefunga koki?"

"Mimi," Veneranda alijibu.

"Lini?"

"Huyu mwenye koti aliposhuka. Pikipiki ikisimama, koki inafungwa. Marehemu akisimama mimi nafunga, yeye anahangaika na mizigo. Ndivyo tulivyokaa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Anayefungua ni dereva," Veneranda alisema, akimshangaa. "Mimi kazi yangu ni kufunga."

Rabson alijiziba mdomo. Hata Sosthenes aligeukia bondeni, mabega yakimcheza.

Bertha alifungua koki. Akahesabu kimya kimya ili petroli iteremke. Akabana breki ya mkono mpaka vidole vikapauka, akasimama kwa mguu wa kushoto, akainua wa kulia, lile goti likiwa na maoni yake, akapiga. Kimya. Akapiga tena. Ikakohoa. "Ngangari, Mnyakyusa," sauti ya nyuma ilisema, na mikono miwili mikavu ikamshika kiunoni. Akapiga ya tatu kwa hasira, na moshi wa bluu ukamfunika Sosthenes mpaka kifuani.

Kuondoka mlimani na abiria ni kazi ya vidole. Aliiachia klachi unywele kwa unywele, akaongeza moto, akaachia breki, na kwa muda Vespa haikwenda mbele wala haikurudi nyuma, ilinguruma tu mahali pamoja. Mguu wake wa kushoto, mjinga, ukakanyaga sakafu ukitafuta gia ya pikipiki ya Kihindi. Bertha akauacha uhangaike. Mkono ndio ulioshika kazi. Tairi ikauma lami, na wakaanza kupanda.

Walipanda kwa gia ya kwanza kona zote zilizobaki, polepole kiasi kwamba mwanamke mwenye tenga la nyanya kichwani alitembea sambamba nao na kumsalimu Veneranda kwa jina. Veneranda alimwitikia kwa kirefu, akauliza habari za watoto, akazipata. Bodaboda waliokuwa wakishuka walipiga honi. Waliokuwa wakipanda walipunguza mwendo wakawazunguka, wakiangalia gia za mkononi, wakiuliza inakwenda kwa mafuta gani, na Bertha aliwajibu wote huku jasho likimchirizika ndani ya kofia. Moyo ulimdunda kama siku ya kwanza alipokabidhiwa Vespa ya kazi na kuambiwa, haya, nenda.

Kisha barabara ikalala. Akaweka gia ya pili, mji ukatokea mbele yao, na hakuna aliyekuwa amewagusa.

Sokoni Veneranda alishuka polepole. Akavua kofia, akafunga kilemba chake upya, bila haraka, akijua kwamba watu wanamtazama. Sosthenes alifika na kenta tupu. Alimpa Bertha mkono.

"Ukichoka nayo, nipigie."

"Atakupigia Rabson, siku ya mazishi yangu."

"Mama," Rabson alisema.

Veneranda alichomoa kwenye pindo la kanga ufunguo mdogo wa usukani, uliofungwa uzi mwekundu, akauweka kwenye kiganja cha Bertha na kukikunja kwa mikono yake yote miwili. Akaisogelea Vespa, akapangusa kioo cha taa kwa ncha ya kanga. Bertha alimwacha. Alifikiri labda anaaga, na akaanza kutafuta maneno ya kufaa, mtu anamwambia nini mjane katika saa kama hiyo.

Lakini Veneranda alikuwa ameichukua tena kofia.

"Ni yako," alisema. "Pale Nyororo, njia ya Mbeya, kuna upepo mkali, kesho ukipita usijifanye mbabe. Sasa nipeleke Kihesa kwa dada yangu. Tangu msiba ananiambia siku zangu za kupanda hii kitu zimekwisha."

"Kihesa ni mbali, mama?" Bertha aliuliza.

"Ni mbali kidogo."

"Hata ingekuwa mbali sana," Bertha alisema, na akapiga kiki.